Hodi ya Nne

Zuwena mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Chai umekunywa mbele ya macho yangu, boflo ukabakisha nusu, na homa huna. Basi salamu zangu ni hizi: baba yako leo amefunga duka siku ya kazi, jambo ambalo watu wa mjini Chake watalizungumza wiki nzima, akakaa hapa nyumbani Wambaa kwenye meza ya cherehani, na mkononi ana kalamu badala ya mkasi. Mama yako kaenda mjini kukutafutia sweta. Nimemwambia India si Ulaya, akaniambia nishughulike na vifungo vyangu. Kaniachia karafuu zilizoanikwa nyuma nizitazame. Wewe umetoka tangu adhuhuri kwenda kuaga watu. Kesho asubuhi ni boti, kisha Dar, kisha ndege ya kukupeleka masomoni, na barua hii nitaitia mwenyewe kwenye mkoba wako, chini ya vitabu, uje uikute nikiwa mbali, uso wangu hauonekani.

Ya pasipoti, ya dawa, ya kula na ya kutokula, mama yako amekwisha kuyasema, na aliyoyasahau atayasema bandarini kwa sauti ya juu mbele ya watu. Mimi nina neno moja. Na kweli ni neno moja tu, tena la Kiingereza, na Kiingereza wewe unanishinda mbali.

Bize.

Usicheke. Tangu upate akili unasikia watu wananiita Fundi Bize. Ulipokuwa darasa la tano ulirudi na kamusi ya kuazima skuli, ukalitafuta, ukanisomea kwamba maana yake ni mtu mwenye kazi nyingi. Ukafurahi mno. Ukasema, "Baba, jina lako zuri!" Mimi nikajifanya natafuta sindano, na sindano ilikuwa mdomoni. Leo nakwambia jina lile lilikotoka, kwa sababu kuna mtu mmoja anatudai shukurani, na shukurani zile mimi peke yangu siziwezi.

Neno lenyewe lilinifikia Chake, kabla wewe hujaanza skuli. Tulikuwa mafundi wawili kwenye kibaraza kimoja, mimi na kijana akiitwa Seif, aliyerudi kutoka Dar na simu ya mkononi kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia. Wakati ule mteja akija kuuliza kanzu yake, mimi nilikuwa nikimwambia kesho. Fundi gani asiyesema kesho? Na mteja hunitazama, hutafuna mdomo, huniambia, "Fundi, hii kesho yako itakuja na mwezi gani?" Wengine walikuwa wakinitukana waziwazi, na haki yao. Seif yeye hakuwa na kesho. Mteja akija, Seif huinua kidole tu, simu sikioni, halafu husema, "Niko bize, bwana." Na yule mteja, wallahi nimeona kwa macho yangu, hurudi nyuma taratibu na kusema, "Haya fundi, nitapita." Nguo haijashonwa vilevile! Lakini kumbe kesho ni uvivu, na bize ni cheo.

Basi nikalichukua. Nani asingelichukua? Miaka yote nilikuwa fundi muongo, mara nikawa fundi mwenye kazi nyingi, na sikuongeza hata kishono kimoja. Nikaanza kulisema dukani, nikaja nalo mpaka nyumbani. Siku ya kwanza nilipomwambia mama yako neno hilo, alikuwa ananiita nimfulie nazi. Nikamjibu nikiwa ndani, "Niko bize." Akachungulia mlangoni na mwiko mkononi. "Bize ndo nini? Unaumwa?" Nikamueleza. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Na mie jikoni niko bize. Leo kila mtu ale bize yake." Nikaenda nikafua nazi.

Mama yako basi hakulipokea neno, na laiti ningelimsikiliza. Lakini mwanamume akipata kitu kinachompa heshima bure hakiachi kirahisi.

Mwaka ule mikarafuu ilizaa. Unaijua ile michache aliyotuachia babu yako kule juu kilimani. Kuna miaka haitoi hata ya kutia kwenye pilau. Mwaka ule matawi yaliinama. Mama yako ndiye aliyechuma nyingi, mimi nikipanda naona kizunguzungu, na wewe ulikuwa ukiokota zilizodondoka na kuzitia kwenye kikombe. Majirani wakaja jioni kutusaidia kuchambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, tukaanika nyuma ya nyumba kwenye majamvi. Karafuu zile nilikwisha kuziwekea nia. Tulikuwa tunakaa chini ya makuti yaliyochoka, unaona nyota ukiwa kitandani, na nilimuahidi mama yako kwamba masika yatamkuta chini ya bati. Zilibakia jua moja zikauke, au mawili kwa wingi.

Sasa, adabu yetu ya karafuu unaijua. Wingu likifunga, hakuna karafuu ya fulani. Anayeona kwanza ndiye anayeanua, ziwe zake, ziwe za jirani, ziwe za mtu waliyegombana naye asubuhi. Haulizi, wala hangoji kushukuriwa. Lakini na hodi nayo ina adabu yake. Uwani kwa mtu huingii mpaka upige hodi, na hodi ni tatu. Ukipiga ya tatu hukuitikiwa, unarudi ulikotoka, hata kama unasikia watu wanapumua ndani, na huna ruhusa ya kuona vibaya. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, tulikosoma Kurani, na ndivyo nilivyokufundisha wewe. Nyuma ya nyumba nilikuwa nimezungusha ua kwa ajili ya mbuzi wa watu, mlango wake nikiufunga kwa waya kwa ndani.

Siku ninayotaka kukwambia mama yako alikuwa Kengeja, dada yake kajifungua. Tukabaki mimi na wewe. Nilikuja na kazi nyumbani kwa kukimbia wateja: sare za skuli na kanzu za Idd, rundo limenifika kiunoni. Nikafunga mlango, nikafunga na dirisha ili mtu asinione, nikawasha redio. Wewe ulikuwa chini ya meza hii hii, umelivika gunzi la hindi kipande cha sare, unaliimbia.

Nikasikia hodi.

Ya kwanza tu niliijua ni ya nani. Ni Bi Time, huyu huyu Bi Time wa nyumba ya pili, ambaye wewe unamwita Bibi ingawa si mama yangu wala mama wa mama yako. Nikasema moyoni, kaja kuuliza gauni la mjukuu wake. Na Bi Time akiingia haondoki. Ataulizia mama yako, ataulizia mtoto wa Kengeja kafanana na nani, atakaa. Nikanyamaza. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Ikaja ya pili. Wewe ukatoa kichwa chini ya meza ukaniambia, "Baba, Bibi anapiga hodi." Nikakuwekea kidole mdomoni. Nikakwambia, "Nyamaza. Baba yuko bize."

Ukarudi chini ya meza ukaliambia gunzi lako, kwa sauti ile ile yangu, "Nyamaza. Baba yuko bize."

Ya tatu ilikuja kwa ukelele, karibu ya kilio, na mimi kwa ujinga wangu nikaona ni ufidhuli. Kisha kimya. Nikafurahi, mwanangu. Sikufichi, nilifurahi, nikageuza kitambaa nikaanza mkono wa pili wa kanzu. Kisha nikasikia bati la banda la kuku likilia.

Mvua ile haikubisha. Nilipomaliza kuhangaika na komeo na kufika uwani, karafuu zilikuwa zinaelea. Nilizizoa kwa mikono, nilizizoa kwa kanzu za watu, nikazitia kwenye mapakacha zikivuja maji. Wewe ulisimama mlangoni na gunzi lako, ukalia kwa sababu uliniona mimi nalia. Karafuu ikirowa wakati imekaribia kukauka, ndo basi. Huvimba, hupauka, harufu hukimbia. Mnunuzi huitia kiganjani akaimwaga.

Asubuhi yake nikasikia hodi tena. Niliitika kabla hajaimaliza.

Bi Time aliingia na jamvi lake kichwani na wajukuu wake nyuma. Mmoja, yule mkubwa, akaropoka kwamba Bibi jana karowa mpaka kaumwa na kifua, maana baada ya hodi zake alirudi hadi njiani, kama adabu inavyotaka, akasimama hapo kwenye mvua kungoja labda nitatoka. Nikataka ardhi inimeze. Nikaanza kujieleza, redio, cherehani, sijui nini. Akaniinulia mkono.

"Nlipiga hodi tatu, mwanangu," akasema. "Ya nne si yangu."

 Akatandika jamvi, akachutama, akaanza kutenganisha zilizopona na zilizokufa, mpaka alasiri. Zilizopona hazikutosha bati hata la jikoni.

Mama yako aliporudi nilimwambia kila kitu. Alitazama juu kwenye makuti. Kisha akasema, "Basi masika haya tutaogea kitandani," akaingia jikoni, na hakuniimbia tena wimbo huo mpaka leo. Unaikumbuka ile ndoo ya buluu ya kukingia matone, uliyokuwa ukiitegea masikio usiku ukasema inasoma alifu? Ndoo ile ilikuwa pale kwa sababu ya neno langu.

Na jina? Kwetu hapa karafuu kunyeshewa na mwanamume yumo ndani ni aibu isiyofutika. Hata mgonjwa huanua. Watu walianza kuuliza, ilikuwaje, fundi si alikuwepo? Bi Time akanitangulia kujibu. Akawa anapita anasema, na kucheka juu, "Mwacheni fundi wangu! Alikuwa bize na sare za watoto wenu. Huyo ndo Fundi Bize." Watu wakacheka, wakasahau kuuliza. Jina likanishika, baada ya mwaka mmoja likawa sifa, na wateja wakaongezeka. Yule mwanamke alinisitiri kwa utani, Zuwena. Ile aibu aliichukua akaishona kwa ndani, pasipoonekana uzi, na mimi ndiye fundi.

Tangu siku ile kazi sikupunguza. Nilichoacha ni kunyamaza. Mtu akipiga hodi namwambia, "Karibu, mkono uko kazini, kaa." Ajabu yake ni kwamba wengi hawakai. Walitaka tu kuitikiwa. Bi Time ndiye alikuwa akikaa, hapo mlangoni ulipokuwa ukimrukia miguu, akifumua mishono niliyokosea, akizungumza. Yale yote ninayokuhadithia kuhusu babu yako ni yake. Mimi baba alikufa nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe na lile gunzi. Ningeendelea na ubize wangu, nisingejua hata siku moja kwamba babu yako, mwanamume wa kupanda mkarafuu mrefu bila kamba, alikuwa akiogopa vyura mpaka anaomba asindikizwe kisimani. Nilicheka siku ile nikachoma kidole. Nina baba zaidi kwa ajili ya Bi Time, na wewe una babu.

Alhamdulillahi. Nikikaa nikafikiri, mtu aliyenyimwa jibu mlangoni mwangu ndiye aliyenipa mengi kuliko wote niliowafungulia.

Sasa nafika penye uzito. Ijumaa iliyopita Bi Time alikuja na fimbo yake, akapiga hodi kwenye mlango wa chumba chako. Mimi nilikuwa barazani nashona vifungo. Wewe ulikuwa na simu, unahangaika na mambo ya viza, na yalikuwa mambo ya kweli, siyakatai. Ukamjibu bila kufungua, "Bibi, niko bize!" Akasema, "Haya mwanangu." Akageuka. Alipopita mbele yangu nilitaka kusimama nikuite, akanizuia kwa jicho. "Mwache," akasema. "Yu bize. Safari ina mambo." Akashuka ngazi kwa ubavu, kama anavyoshuka siku hizi.

Sikukugombeza, na nadhani ulishangaa mbona usiku ule sikuzungumza. Nikugombeze kwa lipi? Neno lile hukulipata skuli wala kwenye simu. Ulilipata chini ya meza hii, kwa mdomo wangu, tena kwa mtu yule yule.

Adhuhuri ulipokuwa unajifunga buibui kwenda kuaga, neno lilinifika kwenye ulimi: usiondoke bila kupita kwa Bi Time. Nikaliuma. Ukienda kwa kutumwa na mimi atajua. Mwanamke yule anaijua hodi ya kutumwa kwa mlio wake. Na ukienda kwa mguu wako mwenyewe atajua pia. Nimekaa hapa tangu adhuhuri sijui kama umekwenda, na nakiri kwamba hilo linaniuma kuliko safari yenyewe. Yeye ni mtu mzima sana, wewe unakwenda kwa miaka, na mimi sitaki kuja kukupigia simu siku moja kukwambia habari ambayo mlango wake ulikwisha kufungwa.

Neno lenyewe silichukii, usinielewe vibaya. Kamusi yako haikusema uongo: kuna mtu mwenye kazi nyingi, na wewe utakuwa huyo. Tulikuwa nalo hata kabla ya Seif na simu yake. Bibi zetu walisema nimetingwa, na ukiwasikia unajua wanataka msaada. Wakisema nina shughuli, unauliza lini, maana labda ni harusi na utahitajika kwenye masufuria. Hili la kuja ndilo la kwanza nililosikia ambalo mtu hulisema ili aachwe peke yake, na watu wakamheshimu kwa hilo. Siku hizi nalisikia kila mahali. Kijana amelala na simu kifuani, mama yake anamwita, yuko bize. Mtu hataki kumtazama mgonjwa, yuko bize. Na mwengine kweli anafanya kazi mpaka macho yanamtoka, naye hana neno jengine la kusema ila hilo hilo. Litumie, mwanangu. Una mitihani mbele, una dawa za kujifunza majina yake, na dawa ikikosewa si kanzu ya kufumuliwa. Waambie watu uko bize, lakini waambie baada ya kuitika.

Nikushukuru na wewe, kwa kuwa usoni siwezi, nitaanza kukohoa. Nakushukuru kwa miaka ile ya mitihani, ulipokuwa ukisoma upande huu wa meza na mimi nashona upande ule, na ukiniona navuta uzi karibu na taa mara ya pili unaniondolea sindano mkononi, unatunga uzi, unarudi kwenye kitabu. Hukuwahi hata siku moja kuniambia subiri. Mama yako anasema ataninunulia miwani. Sitaki miwani. Nitakuwa nikikaa na ile sindano nakukumbuka, na wateja waseme tena kwamba fundi anachelewesha.

Naona humu ndani giza limeingia mapema, nimesogeza karatasi dirishani. Kuna mtu nje anaita. Watu wa hapa wakijua tu fundi yuko nyumbani, basi kila mwenye zipu mbovu! Ngoja nimalize kwanza mstari huu, maana nikiuacha sitaupata tena. Nilitaka kusema kwamba huko uendako utakutana na watu ambao hawapigi hodi tatu, labda watapiga nusu, watakutazama tu mara moja ukumbini na kupita, na wewe uwe na sikio la

Nimerudi. Karatasi imerowa pembeni, ni maji ya mkono wangu, usijali.

Mwanangu, sijui hata niandike vipi. Nilikuwa katikati ya sikio la nini sijui, na hodi ya tatu nimeisikia kwa sikio moja, wallahi nimeisikia, na nikasema moyoni, atarudi huyo. Mara dirisha likagongwa mpaka kikasha cha vifungo kikaruka. Na sauti yako:

"Baba! Bibi anasema zake tatu zimekwisha. Ya nne ni yangu. Hodi!"

Nilipotoka tone la kwanza likanipiga kwenye kipara. Karafuu zote ziko barazani. Wewe umejifunga kanga kiunoni, mapakacha yamejaa, jasho linakutoka, na Bi Time ameshika pembe moja ya jamvi kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono wa pili, anaamrisha kama bibi harusi wa zamani anayepanga vyombo. Wewe kwenu hupigi hodi, na ua siku hizi hauna waya, ulipita moja kwa moja uwani ukaanza kuanua. Yeye alisimama mbele kama kawaida yake, akapiga zake tatu, akangoja jibu la mtu ambaye alikuwa ndani amefunga mlango anaandika mawaidha kuhusu kuitika.

Nikasema, "Karibu, Bi Time." Nilichelewa, lakini nilisema.

Akanitazama tangu kichwani mpaka miguuni, na kalamu bado mkononi. "Fundi Bize," akasema, "bado tu?" Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, na wewe ukacheka, na mimi, nikiwa sina pa kujificha, nikacheka pamoja nanyi na machozi yakanitoka, na bahati njema mvua ikawa imekwisha kushika, hakuna aliyeyaona. Au mliyaona mkanisitiri.

Kumbe ulikuwa kwake tangu adhuhuri. Kumbe ulianzia kwake, huko kwengine hujafika hata nyumba moja. Kumbe umemuomba radhi kwa ile Ijumaa, umekula muhogo wake, na kisa chote hiki nilichokihangaikia kurasa hizi amekwisha kukuhadithia, na kwa hakika kwa ufundi zaidi ya wangu. Nimemwambia, "Bi Time, miaka yote umenifichia siri, leo umeitoa?" Akanijibu, "Nikingoja Fundi Bize aitoe, ntoto atafika India na kurudi na wajukuu."

Nilitaka kuichana barua. Kisha nikaona hapana, uichukue hivi hivi na mstari wake uliokatika. Sitaumaliza. Nyote wawili mko barazani sasa mnaokota majani kwenye karafuu, nawasikia mnanisema, na mvua inapiga kwenye bati, bati hili hili ambalo lilichelewa na likaja. Mama yako atarudi atakuta karafuu kavu na mume mjinga, na atashukuru kwa moja na kuzoea la pili, kama siku zote. Mimi leo sina ninachokidai duniani. Mlango nimeuacha wazi.

Huko utakuwa bize, Zuwena, na Mungu akufanye bize kwa kheri. Nami nitakupigia simu. Ya kwanza hutapokea, uko darasani. Ya pili hutapokea. Ya tatu isipoitikiwa nitajiambia, adabu ni adabu, rudi ulikotoka, na nitakaa hapa na sindano isiyo na uzi kwa muda, sitaona vibaya.

Kisha nitapiga ya nne.

Bi Time ananiita huko barazani, ndo kwanza mara moja, na nimeshaitika.

Baba yako,
Fundi Bize